Swali la mama mkwe

Mwanangu wa pili alizaliwa hapa Tanga mjini, Machi 2009, alfajiri, bila taabu. Taabu ilianza baada ya kondo la nyuma kutoka. Mfuko wa uzazi haukusinyaa, na damu ikawa inatoka mfululizo, ya uvuguvugu, haina maumivu yoyote, inalowesha khanga niliyotandikiwa. Wakunga huanza kuhofu damu ikipita nusu lita. Yangu ilikuwa imeshapita zamani. Nilijua pale mkunga alipoacha kusema nami akawa anasema na wenzake tu. Alinikanda tumbo kwa nguvu zake zote, jasho likimdondoka puani, huku mwingine akihangaika kutafuta mshipa mkononi mwangu.

Kisha sauti zikaenda mbali. Nikawa nawatazama kutoka juu, upande wa dirisha. Niliona kofia ya mkunga na pini mbili zilizoishika, moja imepinda. Nikamwona na mwanamke aliyelala pale, midomo imepauka, nikamwonea huruma kama jirani tu. Ilichukua muda kutambua kuwa ni mimi. Hapakuwa na mwanga mkali, wala marehemu wetu yeyote hakuja kunipokea. Palikuwa na utulivu ambao sijaupata tena, hata kwenye sala. Na mtoto niliyetoka kumzaa sikumkumbuka kabisa. Hilo sikuweza kumwambia mtu.

Nilizinduka natetemeka kwa baridi, nina kiu ya ajabu, damu ya kuongezewa inaingia tone kwa tone.

Nyumbani Ngamiani kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na lake. Mmoja aliuliza kama nimeona malaika, mwingine akaniambia nimlaani shetani. Mume wangu aliniomba nisisimulie tena, na nikanyamaza. Lakini woga wa kufa ulikuwa umenitoka, na jambo hilo si jepesi kuishi nalo katikati ya watu. Misibani machozi hayaji. Mawifi zangu wakasema nimekuwa na moyo mgumu, na sikuwa na la kuwajibu.

Baadaye mpwa wangu anayesomea uuguzi alinieleza utafiti wa Pim van Lommel, daktari wa moyo wa Uholanzi, uliochapishwa 2001. Waliwahoji wagonjwa 344 ambao mioyo ilisimama wakarudishwa. 62 tu ndio walikumbuka lolote. Waliowafuatilia kwa miaka waliona wenye kumbukumbu hizo hawaogopi tena mauti kama wengine. Moyo wangu mimi haukusimama, presha ndiyo iliyoshuka sana, lakini nilifarijika mno kusikia wapo watu kwingine wanaotazamwa na ndugu zao kama ninavyotazamwa mimi.

Halafu mama mkwe akaugua, ugonjwa ambao sote tulijua hauna kurudi. Jioni moja aliwatoa watu chumbani akaniita.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Siku ile ulipotaka kutuachia mtoto. Iliuma?"

"Haikuuma, mama."

"Uliogopa?"

"Nilipokuwa bado nimo kitandani, niliogopa. Baadaye hapana."

Akanitazama. "Na mtoto je? Hukumlilia?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia nilimsahau, kana kwamba sijapata kuzaa. Nilitegemea ageukie ukutani. Yeye akashusha pumzi, akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa.

"Kumbe," alisema. "Mimi nimekuwa nikihofu nitaondoka huku nawalilia hawa. Huyu mdogo hasa, hajaoa, hana wa kumpikia."

Tukakaa. Nikamnywesha uji vijiko vichache, akakataa vilivyobaki, akaniomba nimweleze tena yote, nianzie dirishani. Mume wangu alikuwa ameingia kuleta maji ya moto. Aliiweka chupa chini, akavuta kigoda, na safari hii hakunikataza.