Jai Bhim: salamu isiyo na marahaba

Hapa Mwanza salamu ni kitambulisho. Mtu akifika asubuhi Igoma na kusema "mwangaluka", wenyeji wameshajua kabila lake kabla hajataja jina. "Tumsifu Yesu Kristo" inamtaja Mkatoliki, "Bwana asifiwe" inamtaja mlokole, "Asalaam alaykum" haihitaji maelezo, na ukisikia "Kidumu!" unajua uko kwenye mkutano wa nani. Kwa hiyo wasomaji wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa kwamba salamu hubeba dini na siasa. Kinachostahili maelezo ni salamu iliyotungwa kwa makusudi, na mtu anayejulikana, ili ichukue nafasi ya salamu nyingine iliyokuwa inawadhalilisha watu. Hiyo ndiyo Jai Bhim, salamu ya Wadaliti wa India, yaani watu ambao mfumo wa kasta, ule wa matabaka ya kuzaliwa nayo, uliwaita "wasioguswa".

Tuanze na salamu iliyotangulia. Huko Maharashtra, magharibi mwa India, jamii kubwa kuliko zote katika kundi hilo ni Mahar. Kijijini walikuwa watumwaji: kupeleka ujumbe, kulinda mipaka, kuburuta mizoga ya ng'ombe nje ya kijiji. Mahar akikutana na mtu wa kasta ya juu alisimama mbali, akainama, akasema "Johar, maibap", akimwita yule mtu mama na baba yake. Chokhamela, mtunzi wa nyimbo za ibada wa karne ya 14 ambaye naye alikuwa Mahar, ana utenzi unaoanza kwa maneno hayohayo. Johar ilikuwa inapanda tu. Mkubwa wa kijiji hakuwa na siku ya kumwambia Mahar johar.

Mtu wa Pwani au wa Ziwani atasema: mbona hiyo ni kama shikamoo? Zinafanana kwa umbo, kwa sababu zote mbili zinamweka mmoja chini na mwingine juu. Ila shikamoo inazunguka. Mtoto anayeamkia leo akijaliwa umri ataitikia "marahaba" mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Johar haikuzunguka. Mzee wa Mahar mwenye mvi alikuwa anaitoa kwa kijana wa miaka kumi wa kasta ya juu, na mwanawe angemrithi katika hilo. Umri haukusaidia kitu, wala elimu, wala fedha.

Sasa aje Babu Hardas. Jina lake la ukoo ni Nagrale, alizaliwa 1904 Kamptee, mji mdogo jirani na Nagpur. Aliwapanga wafanyakazi wa bidi, zile sigara ndogo za tumbaku inayoviringishwa kwenye jani la mti wa tendu, kazi ya kipande ambayo watu masikini wa eneo lile waliitegemea. Mwaka 1936 Bhimrao Ramji Ambedkar, kiongozi mkuu wa Wadaliti, alianzisha chama cha Independent Labour Party, na uchaguzi wa 1937 ukampeleka Hardas kwenye baraza la kutunga sheria la jimbo la Central Provinces na Berar. Alifariki Januari 1939, akiwa na miaka 35 tu, kwa kifua kikuu.

Kwa masimulizi ya walioandika maisha yake, kilichomsumbua kilikuwa kitu kidogo cha kila siku: wanachama wakikutana waseme nini? Johar ni unyonge. "Ram Ram", salamu ya vijijini, inamtaja mungu ambaye mahekalu yake yalikuwa yamewafungia milango. Mfano aliouchukua ni wa Waislamu, wenye salamu na mwitikio uliokwisha kupangwa, anayejua nusu anajua yote. Akapendekeza vivyo hivyo: mmoja aseme "Jai Bhim", mwenzake aitikie "Bal Bhim". "Jai" ni ushindi, "bal" ni nguvu. Haikudumu. Watu waliuacha mwitikio ule, wakawa wanarudisha neno lilelile: Jai Bhim kwa Jai Bhim.

Kwa maoni yangu badiliko hilo dogo ndilo lililoifanya salamu hii kuwa ilivyo. Kila salamu yenye mwitikio tofauti inauliza swali: nani anaanza? Na anayeanza mara nyingi ndiye mdogo. Jai Bhim haina wa kuanza. Profesa na mfagiaji wanapeana neno moja, mwanamke na mwanamume neno moja, mtoto na bibi yake neno moja. TANU walipoanza kuitana "ndugu" walikuwa wanatafuta kitu cha aina hiyo, ingawa sisi shikamoo hatukuiacha.

Kwa nini Bhim, na si jina lingine? Ni ufupisho wa Bhimrao. Ambedkar alizaliwa Mhow tarehe 14 Aprili 1891 katika familia ya Mahar, baba yake akiwa mwanajeshi. Hardas alipotafuta jina, Ambedkar alikuwa tayari ameongoza maandamano ya Mahad mwezi Machi 1927, maelfu ya watu walipokwenda kunywa maji ya bwawa la Chavdar ambalo manispaa ilikwisha kulifungua kwa wote lakini kasta za juu zikawazuia. (Wakazi wa mwambao wa Nyanza wanaochota ziwani bila kuulizwa baba yao ni nani wanaweza kulisoma tukio hilo mara mbili.) Desemba mwaka huohuo Manusmriti, kitabu cha sheria za kasta, kilichomwa moto hadharani palepale Mahad. Mwaka 1935, huko Yeola, alitamka kwamba alizaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu.

Makosa mawili hujitokeza hapa. La kwanza ni kudhani Bhim ni Bhima, yule shujaa mwenye nguvu wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindu. Anayedhani hivyo huichukulia salamu hii kuwa ya Kihindu, kinyume kabisa na ilivyo. La pili linahusu mto Bhima. Tarehe 1 Januari 1818, kando ya mto huo kijijini Koregaon, kikosi cha Waingereza chenye askari wengi wa Mahar kilipambana na jeshi la Peshwa, mtawala wa eneo hilo, na wapo wanaodai askari hao walikuwa wanapaza sauti ya Jai Bhim. Kumbukumbu ya pale ni kubwa na Ambedkar aliitembelea 1927. Lakini kuivuta salamu miaka zaidi ya mia nyuma ya Hardas naona ni kuichanganya siku ya kumbukumbu na chanzo cha neno.

Baada ya Hardas salamu ilisafiri kwa miguu ya vuguvugu lenyewe. Chama cha Scheduled Castes Federation kiliundwa Nagpur 1942 na bendera yake ya buluu, ndiyo maana hadi leo buluu na Jai Bhim havitengani. Tarehe 14 Oktoba 1956, Nagpur tena, Ambedkar aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi, akawapa viapo 22. Wiki chache baadaye, 6 Desemba, akafariki Delhi. Waliobaki walikuwa na dini mpya na salamu iliyokwisha kuzoeleka. Vijana wa Dalit Panthers waliibeba Bombay kuanzia 1972, na chama cha Bahujan Samaj cha Kanshi Ram, kilichoanzishwa 1984, kikaieneza kaskazini.

Matumizi yake ya kila siku ni haya. Husemwa wakati wa kukutana na wakati wa kuagana, hupokelewa nayo simu, huandikwa juu ya barua na kadi za harusi. Jukwaani msemaji huanza nayo na kumaliza nayo. Kutamka: "Bhim" ni silabi moja, "i" ndefu, "bh" ikitoka na pumzi, mdomo wetu wa Kiswahili utataka kuongeza "u" mwishoni, uzuie. Wengine huandika Bheem, hakuna tofauti. Huunganishwa pia: "Jai Bhim, Jai Bharat" yaani India, "Jai Bhim, Jai Samvidhan" yaani katiba, kwa kuwa Ambedkar aliongoza kamati iliyoandaa rasimu yake, na ibara ya 17 ndiyo iliyofuta kutoguswa. "Jai Bhim, Lal Salam", yaani salamu nyekundu, inaunganisha buluu na wekundu wa wakomunisti, na wapo wafuasi wa Ambedkar wasioipenda ndoa hiyo, wakisema wakomunisti waliipuuza kasta kwa miaka mingi.

Gharama yake ni kwamba inamfichua msemaji. Anayesema Jai Bhim kijijini au ofisini amekwisha kutaja kasta aliyozaliwa nayo, na kwamba hana nia ya kuinama. Mwaka 2015 mjini Shirdi kijana aliuawa kufuatia ugomvi ulioanza na mlio wa simu yake, wimbo wa kumsifu Ambedkar. Kwa hiyo wapo wanaoisema kwa sauti kubwa makusudi, na wapo wanaoiacha nyumbani wanapokwenda kutafuta chumba cha kupanga.

Kwa aliye Mwanza: usiijaribu kwa kila mwenye duka wa Kihindi karibu na Makoroboi. Wengi wa wafanyabiashara wa Kiasia Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat, na salamu zao ni "Jai Shri Krishna", "Jai Swaminarayan", au kwa Wajaini "Jai Jinendra". Neno la mwanzo ni lilelile, historia ni tofauti. Ukikutana na mtu akakuanza yeye kwa Jai Bhim, chuoni, hospitalini au mtandaoni, usimjibu "asante" wala "namaste". Mrudishie Jai Bhim.