Dhoruba tunazisimulia, matangi tunayanyamazia

Wazee wa sapulai, zile meli za kupeleka mizigo kwenye majukwaa ya mafuta baharini, tukikutana, hatujakaa vizuri mtu ameshaleta habari ya mawimbi. Wimbi la mmoja lilifika kwenye vioo vya daraja, chumba cha juu cha kuongozea meli. La mwenzake lilipita juu ya daraja. La wa tatu, ambaye alikuwa injinia na kwa hiyo alishinda chini asione bahari, ndilo kubwa kuliko yote.

Nawapenda watu hawa. Tumekula pamoja, tumetapika pamoja, tumenuniana kwa wiki nzima kwa sababu ya sabuni. Lakini masimulizi yetu yana udanganyifu mmoja. Dhoruba ikizidi, meli ya sapulai haifanyi kazi. Jukwaa linasimamisha kreni, nahodha anatutoa nje, omo, yaani mbele ya meli, inaelekezwa kwenye mawimbi, na tunakaa hivyo tukipanda na kushuka mpaka hali itulie. Hata siku tatu. Mtu anasoma, mtu analala, mpishi anafunga masufuria kwa kamba na kulaani. Kazi yenyewe ilikuwa mahali pengine, na huko hakuna anayetaka kurudi hata kwa maneno.

Kwa asiyeijua, meli ya sapulai ina umbo lake peke yake. Daraja, vyumba na jiko vyote vimerundikwa omoni, na kutoka hapo hadi tezi, yaani nyuma ya meli, ni deki tupu, ndefu, iliyo karibu na maji. Umbo hilo lilianzia Ghuba ya Meksiko katikati ya miaka ya 1950, ilipoundwa Ebb Tide, meli ya kwanza kubuniwa mahususi kwa kuhudumia visima vya baharini. Kabla ya hapo walitumia boti za uvuvi na vyombo vilivyobaki baada ya vita. Aliyeipeleka nyumba mbele aliwaza mizigo, na aliwaza vizuri. Anayelala hakumuwaza hata kidogo.

Maana chini ya vitanda vyetu ndiko zilikokaa thrasta za omo, zile rafadha ndogo za kuisukuma meli ubavuni. Meli ikiwa kando ya jukwaa zinafanya kazi bila kupumzika, na chumba kizima kinanguruma kama pipa la chuma linalosaga kokoto. Tulijifunza kulala humo. Unachukua jaketi la kuokolea, unalisukuma chini ya godoro upande wa nje, godoro linainuka, nawe unabanwa kati yake na ukuta hata meli ikilala ubavu. Hakuna chuo kinachofundisha mbinu hiyo, na sijakutana na mtu wa sapulai asiyeijua. Kelele nazo unazizoea kiasi kwamba thrasta zikizimwa ghafla, wote mnaamka.

Kulifikia jukwaa kulikuwa na taratibu zake. Kulizunguka kuna eneo la mita 500 ambalo chombo hakiingii bila ruhusa. Kabla ya kuvuka mpaka huo mnajaribu injini, usukani, thrasta, redio, mnaangalia upepo unatoka wapi na mkondo unakwenda wapi, na kila jibu linaandikwa. Kisha nahodha anageuka, anaipa omo mgongo, anakaa kwenye usukani wa nyuma na kuirudisha meli polepole kuelekea miguu ya jukwaa. Upepo ukikusukuma mbali na jukwaa, nafuu: injini ikifa, unaelea ukienda zako. Ukikusukuma kuelekea kwenye chuma, hapo daraja zima linanyamaza. Na mara nyingi kreni wanayotaka kuitumia iko upande huo huo mbaya.

Sisi wa deki tulimsubiri mtu mmoja tu, mwenye kreni. Hatukumjua sura. Tulimjua kwa mkono wake. Mzuri alisubiri meli ipande hadi kilele cha wimbi ndipo akanyanyua kontena, ili deki ishuke na kuliacha hewani. Asiyejua alinyanyua meli ikiwa bondeni, deki ikapanda ikalipiga kontena kwa chini, na kontena likaanza kutafuta mtu wa kumbana. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa deki, hakuwa na hotuba. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nikiikimbilia ndoano inavyobembea, akanishika ukosi wa ovaroli.

"Mwanangu, ndoano usiifukuze. Itakuja yenyewe."

Ile ndoano na tufe lake ni nzito kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye deki ile. Ukisubiri, inakuja. Unaifunga, unaondoka kwa kutembea, unaingia nyuma ya kizuizi cha chuma kilichopita ubavuni mwa deki, ndipo unainua mkono. Usisimame kati ya kontena mbili hata kama zimefungwa minyororo. Usiipe bahari mgongo. Mabomba ya kisima yakipangwa deki nzima, usikanyage juu yake kabla hujayatazama, maana bomba moja likibingirika haliulizi mguu ni wa nani. Maji yakipanda, na kwenye deki ya chini vile yanapanda bila taarifa, unashika chuma na kungoja yatoke. Serahangi alikuwa na tabia ya kutuhesabu kwa kidole kila wimbi lilipopita. Hakujua kwamba tunamwona.

Lakini kontena ni sehemu inayoonekana tu. Utajiri wa sapulai uko chini ya deki. Huko kuna matangi ya mafuta ya injini, maji ya kunywa, maji ya kuchimbia, maji ya chumvi yaliyokolezwa, tope la kuchimbia, halafu matangi ya unga: saruji, baraiti, bentonaiti. Baraiti ni jiwe zito lililosagwa, na linatiwa kwenye tope ili uzito wa tope uzuie shinikizo la kisima lisipande juu. Unga huo haupigwi pampu. Unapulizwa kwa hewa iliyobanwa, unapanda ndani ya bomba, unapita kwenye mpira ulioning'inia toka jukwaani, unaingia kwenye matangi yao huko juu.

Na unaziba. Unyevu kidogo ukiingia, au hewa ikipungua katikati ya kazi, saruji inaganda kwenye kona ya bomba na kila mtu anajua, kwa sababu mpira ulioning'inia ukicheza unatulia ghafla. Injinia wa pili aliweza kuweka kiganja kwenye bomba na kukwambia unga unapita au hewa tupu. Sisi wengine tulitembea na nyundo tukigonga bomba hatua kwa hatua, tukisikiliza mlio mkavu ugeuke kuwa mzito. Hapo ndipo penye kizibo. Kazi hii hufanyika usiku wa manane. Sijui ni kwa nini jukwaa halikuwahi kuhitaji saruji mchana. Nimelalamikia jambo hilo kwa miaka na sijapata mtu wa kunipinga.

Haya. Matangi.

Tope la kuchimbia lenye asili ya mafuta likikaa tangini, uzito wake unatua chini na kuwa kitu kisicho maji wala udongo. Safari inayofuata aliyeikodi meli anataka tangi lilelile libebe kitu kingine, kwa hiyo lazima lioshwe hadi ling'ae. Kifuniko kinafunguliwa, feni inawekwa, hewa inapimwa. Kipimo kisomeke asilimia 20.9 ya oksijeni. Kikiwa chini, huingii, hata nahodha mwenyewe akikuomba. Mmoja anabaki mdomoni mwa tundu na redio na kazi yake ni kutoondoka. Wengine mnashuka na majembe, ndoo, mipira ya maji ya moto yenye nguvu. Ndani ni joto, kuna mbavu za chuma kila hatua, na chini panateleza kiasi kwamba ukianguka unajifunza kuanguka bila kuachia taa. Unachota, unafunga ndoo kwenye kamba, inavutwa. Inarudi tupu. Unachota.

Baada ya zamu kama hiyo unaoga mara mbili na mto wako bado unanuka. Kwenye meza ya chakula, waliotoka tangini walikaa upande wao, si kwa sheria, kwa heshima tu. Na huko ndiko nilikowajua watu. Kwenye wimbi kila mtu ni shujaa, maana hana hiari. Tangini unaweza kumwona anayechota ndoo iliyojaa na anayechota nusu, anayepokea zamu ya mwenzake aliyeanza kukohoa, na yule ambaye kila mara ana kazi muhimu ya rangi huko omoni. Nikitaja matangi kwenye mikutano yetu, wanacheka na kubadilisha mada. Serahangi mwenyewe aliniambia, "Kaka, hayo ya nini tena?" Ya nini? Ndiyo kazi tuliyofanya!

Mmoja wetu alitokea kwenye meli za nanga, na hao wana kiburi chao. Wao huvuta majukwaa na kuzipanda nanga zake baharini, wakiwa na winchi kubwa kama nyumba na mnyororo unaopita juu ya rola ya tezi. Kiburi hicho nakiheshimu, kwa sababu najua gharama yake. Tarehe 12 Aprili 2007, magharibi ya visiwa vya Shetland, Bourbon Dolphin ilipinduka ikiwa kwenye kazi ya nanga. Ilikuwa meli mpya, haijatimiza hata mwaka kazini. Mnyororo wenye uzito mkubwa ulivuta kwa ubavu badala ya kuvuta kwa nyuma, na meli haikuinuka tena. Walikuwamo 15, wakafa 8, nahodha akiwa mmoja wao, pamoja na mtoto wake wa miaka 14 aliyekuja kuona kazi ya baba. Mwenzetu huyo, mcheshi kuliko sote, hilo halitanii. Baada yake sheria za kupanga kazi za nanga na hesabu za uthabiti zilikazwa, na kila mtu wa deki aliona makaratasi yakiongezeka. Nilikuwa miongoni mwa walionung'unika. Siku hizi sinung'uniki.

Watu wa majukwaani walitusahau mpaka siku ya moto. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha lilipoungua katika Bahari ya Kaskazini, kati ya waliokufa 167 wawili walikuwa mabaharia wa boti ndogo ya uokoaji kutoka meli ya Sandhaven, waliokwenda chini ya moto kuokota watu. Na tarehe 20 Aprili 2010, jukwaa la kuchimbia la Deepwater Horizon lilipolipuka, sapulai Damon B. Bankston ilikuwa ubavuni mwake, mpira wa tope ukiwa bado umeungwa. Mabaharia wake waliona tope likinyesha kwenye deki yao kabla hawajaona moto. Walijinasua, wakasogea, wakashusha boti. Manusura 115 walipandia kwenye ile deki ya mizigo. Nikisoma habari hiyo siuoni moto. Namwona mtu anayefungua mpira, kwa sababu najua ile kazi inavyochukua muda na jinsi mikono inavyokuwa mizito ukiharakishwa.

Kuna ubishi mmoja haumaliziki kwetu, nao ni DP. Ni mfumo wa kompyuta unaosoma mahali meli ilipo, upepo na mwelekeo, kisha unaamuru injini na thrasta ziiweke papo hapo bila kamba. Zamani nahodha aliishika meli kwa mkono, kwa muda wa saa nne, hata sita, macho yakiwa kwenye mguu wa jukwaa. Chifu wetu mstaafu anasema manahodha wa kweli waliisha siku hiyo kompyuta ilipopanda darajani. Mimi nilikuwa chini ya wale manahodha wa kweli, kwenye deki, mita chache toka kwenye chuma. Nilimwona mmoja akishuka baada ya zamu ndefu na vidole vyake havikunjuki. Siwezi kusema nilikuwa salama zaidi mikononi mwa mtu aliyechoka vile. Kompyuta inakosea pia, na ndiyo maana mifumo mizuri ina viwiliviwili vya kila kitu, lakini haichoki saa tisa usiku. Chifu akisoma haya atanipigia simu. Apige.

Mwisho wetu haukuletwa na bahari. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100. Mapema 2016 lilikuwa limeshuka chini ya 30. Waliozikodi walirudisha meli moja baada ya nyingine. Zetu zilifungwa ubavu kwa ubavu, safu nzima, na walinzi wachache wakabaki. Mwanzoni tuliambiwa ni kwa muda. Kisha mafundi wakaanza kung'oa pampu toka meli moja ili kuiweka kwenye nyingine, na mtu yeyote aliyefanya kazi ya injini anajua maana yake. Injinia wa pili aliondoka wiki hiyo hiyo bila kungoja barua.

Wengi waliacha bahari moja kwa moja. Wachache walihamia kwenye meli zinazohudumia mitambo ya umeme wa upepo baharini, ambako mafundi hawapandishwi kwa kikapu cha kreni. Wanapita kwa miguu juu ya daraja linalojinyoosha na kujisawazisha na mawimbi. Serahangi ni mmoja wao. Nilimuuliza kazi ikoje, akasema vyumba ni vizuri, kelele ni kidogo, matangi ya tope hakuna. Shida yake ni mzigo. Asubuhi ya bahari mbaya anazunguka na ndoo akiwafuata mafundi vyumbani.

"Kaka," akaniambia, "saruji haitapiki."