Namba nne ubaoni

Ilikuwa Novemba 2013, mvua bado haijashuka Dodoma. Madirisha ya chumba chetu cha semina pale Chuo Kikuu cha Dodoma yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na upepo ukituletea vumbi mpaka kwenye madaftari. Mwalimu aliandika namba nne ubaoni: 13.5, 8.6, 8.4 na 11.4.

Zilitoka Uskoti. Mwaka 1975 wanasaikolojia Duncan Godden na Alan Baddeley walichapisha jaribio lao la wapiga mbizi 16. Kila mmoja alijifunza orodha za maneno 36, mara akiwa nchi kavu, mara akiwa chini ya maji, kisha akatakiwa kuyakumbuka ama palepale alipojifunzia ama kule kwingine. Mambo mawili yanabadilishwa kwa pamoja, kila moja lina hali mbili, unapata vyumba vinne: huo ndio muundo wa faktoria, mbili kwa mbili. Waliojifunza nchi kavu na kukumbuka nchi kavu walipata wastani wa maneno 13.5. Kavu kisha majini, 8.6. Majini kisha kavu, 8.4. Majini kwa majini, 11.4.

"Mahali pa kujifunzia pana athari gani?" mwalimu akauliza.

Nikanyoosha mkono. Hesabu nilizipenda tangu sekondari. Waliojifunza nchi kavu: jumlisha, gawa kwa mbili, 11.05. Waliojifunza majini: 9.9. Tofauti ya neno moja na ushee. Nikageukia mahali pa kukumbukia: 10.95 na 10. Neno moja tena, halifiki. Nikasema mahali hapana uzito wa maana, iwe pa kujifunzia au pa kukumbukia.

"Una uhakika?"

"Ndiyo, mwalimu."

Hakunipinga. Alinipa chaki. "Chora."

Kushoto niliweka kukumbuka nchi kavu, kulia kukumbuka majini. Mstari wa waliojifunza nchi kavu ulianza juu, kwenye 13.5, ukateremka hadi 8.6. Wa waliojifunza majini ulianza chini, 8.4, ukapanda hadi 11.4. Ikakatana katikati, kama mikono ya mtu aliyeikunja kifuani. Nilisimama pale muda. Wastani wangu haukuwa na kosa hata moja la hesabu, lakini kila nilipojumlisha, hasara ya chumba kimoja ilifunikwa na faida ya chumba kingine. Swali lilitaka nijue mahali pa kujifunzia panafanya nini mtu anapokumbukia *wapi*. Huo ndio mwingiliano.

Mwenzetu mmoja, binti wa Bahi, akasema kutoka nyuma: "Mwalimu, hii si ni samadi?" Akaeleza: mwaka wa mvua nzuri, samadi inakupa uwele mpaka unakosa pa kuweka. Mwaka wa ukame inauunguza. Ukichanganya miaka yote ukatafuta wastani, utasema samadi haina kazi.

Shamba hilo nilikuwa nalijua. Kwetu Mpwapwa, nikiwa darasa la tano, baba aliweka samadi upande wa karibu na zizi peke yake. Mvua ikakatika Februari. Upande wenye samadi ndio uliokauka kwanza, na baba alikaa kivulini akiutazama bila kusema neno. Tangu hapo sijawahi kusema samadi ni nzuri au mbaya kabla ya kuulizia mvua. Halafu chuoni, mbele ya ubao, nikaliuliza kila jambo peke yake.

Mwalimu alifurahi waziwazi. Akatuambia wazo hili hasa lilikomaa mashambani: mwanatakwimu Ronald Fisher alilifanyia kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza, kwenye majaribio ya mazao. Mwaka 1926 aliandika kwamba maumbile ukiyauliza swali moja tu, mara nyingi hukataa kujibu mpaka jambo jingine nalo liguswe. Niliyaandika pembeni mwa daftari, na daftari hilo ninalo.

(Mwaka 2021 mwanasaikolojia Jaap Murre alilirudia jaribio la wapiga mbizi na hakuupata mwingiliano ule. Hilo linahusu kumbukumbu na maji. Namna ya kuusoma mchoro ni ileile: tazama kwanza kama mistari inakwenda sambamba, ndipo uzungumzie athari kuu, yaani athari ya jambo moja likitazamwa peke yake.)

Jioni tuliteremka pamoja na yule binti kwenda kupanda daladala. Nikamuuliza angeongeza jambo gani la tatu kwenye samadi na mvua.

"Udongo," akasema. "Wa kwetu Bahi wa mbuga, wa kwenu kichanga."

Vyumba vinane. Tulianza kuvihesabu palepale, kimoja baada ya kingine.