Neno moja: kioo

Wandegeya, Kampala, Jumanne usiku.

Siku tatu nzima nimehangaika na simulesheni ya kigunduzi cha mionzi kwenye kompyuta. Narusha miale ya gama yenye nishati ya keV 662 (keV elfu moja ni MeV moja), ile ya sesiamu-137 yenye mionzi, ndani ya chombo kidogo cha zenoni kimiminika. Zenoni ikigongwa na miale inameta vizuri, fotoni (chembe za mwanga) zaidi ya 40,000 kwa kila MeV, lakini kihisi hakioni kitu. Sifuri. Msimbo wa kihisi nimeuandika upya mara mbili.

Leo jioni, rolex (chapati ya kuviringishia mayai) mkononi, mafuta yakidondokea daftari, macho yakatua kwenye mstari ambao sikuwahi kuushuku. Dirisha la kihisi nimeliandika "kioo". Kioo cha kawaida! Mwanga wa zenoni ni urujuanimno wa nanomita 178 hivi, na kioo cha dirishani huumeza wote. Ilitakiwa kwatsi safi, inayoupitisha. Na jambo hili nawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza, jamani.

Nikabadilisha neno hilo, fotoni zikaanza kumiminika. Hapo hapo umeme ukakatika.

Basi naandika haya kwa simu, gizani, nikikumbuka swali la Profesa la kila wiki, anayetaka nitumie gesi ya arigoni badala ya zenoni: "Kijana wangu, arigoni ina ubaya gani?" Kwa bei, hana mpinzani. Arigoni ni karibu asilimia 1 ya hewa, ilhali zenoni haifiki hata sehemu moja katika milioni kumi. Ila arigoni ni nyepesi. Mwale wa keV 662 hupenya humo sentimita 10 hivi kwa wastani kabla ya kugonga chochote. Kwenye zenoni, kama 4. Chombo changu hakizidi sufuria ya ugali, kwa hiyo miale mingi ingepita zake bila salamu. Tena mwanga wa arigoni ni nanomita 128, hata kwatsi haiupitishi.

Kinachoninyima usingizi ni baridi. Zenoni huchemka kwenye nyuzi -108 na huganda kwenye -112. Nafasi ya nyuzi nne tu! Naitrojeni kimiminika tunayo, ndiyo ile ya kwenye mitungi ya mbegu za ng'ombe, lakini yenyewe iko -196. Zenoni ikiigusa inakuwa jiwe. Kwa hiyo nimechora nondo ya shaba katikati ya naitrojeni na zenoni, na hita ndogo ya kupunguza makali.

Hita ya umeme, lakini. Ukikatika kama sasa hivi, zenoni inaganda, hilo navumilia. Balaa ni pale naitrojeni itakapokwisha na hakuna wa kuongeza: zenoni itayeyuka, itachemka, na gesi yote hiyo itatafuta pa kutokea. Sikuchora pa kutokea. Kesho naanza na tangi la kuipokea, maana zenoni ikishatoroka hewani, ya kununua nyingine sina.