Plagi ya Nyuma ya Bloku

Mwezi Agosti mwaka 1997, nikiwa katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza ufundi kwenye karakana moja ya Karatu, tuliletewa trekta kuukuu aina ya Massey Ferguson 135 ambayo injini yake iligonga kwa sauti nzito kila ilipopewa mzigo. Mwenyewe alikuwa mkulima wa mahindi na alitaka shamba lilimwe kabla ya mvua za vuli. Tulipoifungua injini hiyo, Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa lita 2.5, tulikuta metali za krenki, yaani beringi zinazoshika mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zimelika hadi rangi ya shaba iliyo chini yake inaonekana, na oili iliyobaki ndani iling'aa kwa chembe za madini.

Krenki ilipelekwa Arusha kuchongwa, ikabaki bloku, yaani mwili wa injini. Mafundi wengi niliowaona wakati ule waliiosha bloku kwa dizeli nje na ndani, wakaipangusa, wakaanza kufunga. Fundi wetu mkuu, mzee ambaye sote tulimwita Babu, hakukubali kazi ya namna hiyo. Alinionyesha kwamba ndani ya ukuta wa bloku umepita mfereji mrefu unaopokea oili ya pampu na kuigawa kwenye beringi za krenki, na kwamba ncha za mfereji huo huzibwa kwa plagi, yaani vizibo vyenye meno ya skrubu. Chembe zilizolala mle hazitoki kwa kuoshewa kupitia vitundu vidogo. Siku injini itakapowashwa, oili yenyewe ndiyo itakayozibeba na kuzipeleka kwenye metali mpya. Kwa hiyo plagi zote mbili zilikuwa lazima zitoke.

Ya mbele ilifunguka asubuhi hiyo hiyo. Ya nyuma ilikuwa imeshika kutu, na fundi fulani aliyetutangulia alikuwa ameigonga kwa tindo hadi tundu lake la pembe nne likaanza kuwa duara. Nilichomeka ufunguo, nikauongezea bomba refu ili nipate nguvu, nikavuta kwa uzito wangu wote. Pembe zilizosalia zikasagika.

“Acha, mwanangu,” Babu aliniambia. “Plagi ikiharibika tutapata nyingine. Bloku ikipasuka, mwenye trekta hana shamba mwaka huu.”

Tuliisugua plagi kwa brashi ya waya, kisha akaweka kipande cha chuma juu yake na kuigonga kwa nyundo mara nyingi, mapigo mafupi yasiyo na hasira, kwa sababu alitaka mtikisiko uivunje kutu iliyo kati ya meno ya plagi na meno ya bloku. Tukaimiminia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya breki, tukaiacha ilale usiku kucha.

Kesho yake tuliweka nati kubwa juu ya plagi, na mchomeleaji akaijaza katikati hadi ikashikana nayo. Nati ya kwanza ilikatika mara tu spana ilipoikaza, kwa kuwa ilichomelewa haraka mno. Babu alisawazisha sehemu ile kwa tupa, akaomba nati ya pili, na safari hii alisimama kando ya mchomeleaji akimtaka aendelee hadi nati yote iwe nyekundu. Hakutafuta nguvu ya kushikilia peke yake. Joto lile lilitakiwa lishuke ndani ya plagi, liivimbishe dhidi ya bloku na kuipasua kutu. Mimi nilikuwa tayari na ndoo ya maji. Aliisukuma mbali kwa mguu, akanieleza kwamba chuma cha kumimina kikipozwa ghafla hupata ufa.

Wekundu ulipofifia aligusisha kipande cha nta ya nyuki pembeni mwa plagi. Nta iliyeyuka, ikatoa moshi, ikafyonzwa kwenye meno kama maji kwenye udongo mkavu. Hapo ndipo aliponikabidhi spana, na la kwanza aliloniagiza lilikuwa kukaza, si kufungua. Nilikaza kidogo, nikarudisha, nikakaza tena. Plagi ililia kwa sauti nyembamba na kusogea kiasi cha unene wa ukucha. Nilitaka kuvuta moja kwa moja, lakini mkono wa Babu ulikuwa juu ya wangu, na tuliendelea kuipeleka na kuirudisha, tukiongeza nta, kwa karibu nusu saa hadi ikatoka ikiwa nzima na nati yake mgongoni.

Alipitisha waya wenye kitambaa ndani ya mfereji. Kitambaa kilirudi na tope jeusi zito kama lami, na ndani ya tope hilo zilimeta chembe za metali, nyingi kuliko zile tulizoziona kwenye oili. Tulirudia kwa petroli na upepo wa kompresa mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Kisha alinipa plagi mpya na kuniagiza niianze kwa vidole tu, bila spana, hadi vidole vitakaposhindwa.