Nilivyoupata mdundo wa "Sunday Bloody Sunday"

Nianze na kilichoniudhi. Ushauri wa "hiyo ni roki tu, tandika ngoma kwa nguvu zako zote" ulinipotezea siku nne kati ya kumi nilizokuwa nazo. Kama wewe ni mpiga drams na umeambiwa hivyo, usikubali.

Sisi ni bendi ya hoteli hapa Moshi. Tunapiga rumba, dansi za zamani, rege kidogo. Tukapata taarifa kwamba kuna kundi la Waayalandi wanaopanda Kilimanjaro, na usiku wa kuagana wanaomba "Sunday Bloody Sunday" ya U2, bendi ya roki ya kwao Ayalandi. Kiongozi wa bendi akakubali hapohapo. Mimi nilikuwa nimeusikia redioni tu, sijawahi kuugusa.

Wimbo ule unafunguliwa na drams peke yake. Gitaa bado, besi bado, ni wewe na ukumbi mzima. Matoazi ya kukanyaga, yaani haihati, yanachapwa mara nne ndani ya kila pigo, na wimbo unakwenda kama mapigo 100 kwa dakika. Piga hesabu: karibu vichapo saba kila sekunde. Nami miaka yote nimezoea kuchapa haihati kwa mkono wa kulia pekee, wa kushoto ukisubiri snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali.

Siku ya kwanza nilifika ubeti wa pili mkono ukiwa umekakamaa. Besi ilinitangulia, nikaikimbiza, nikaipita. Tukarudia, ikawa vilevile. Mpiga solo akanipigia kelele, "Ongeza nguvu, kaka, hii roki!" Nikaongeza. Kijiti kikavunjika na ngozi ya snea ikatoboka. Elfu arobaini na kitu zikaondoka mchana ule. Siku ya tatu nikajaribu njia ya mkato, nichape mara mbili badala ya nne. Mkono ukapumua, lakini wimbo ukageuka disko. Mwimbaji wetu, dada mvumilivu sana, alishusha maiki akanitazama bila neno. Siku ya nne nilirudi kwenye nguvu na nikalala na kiwiko kimevimba.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mzee mstaafu aliyepiga ngoma ndogo ya gwaride katika bendi ya polisi. Alikuwa akinisikia nikifanya mazoezi uani, jioni moja akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo ni gwaride, kijana. Mbona unalipiga kama dansi?"

Nikamwekea wimbo kwenye simu. Aliusikiliza mara moja, amefumba macho, vidole viwili vikigonga paja, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mwisho akasema, "Hawa ni askari wanatembea. Kaa mbali na drams zako mpaka nikwambie."

Akachukua kandambili kuukuu, akaikata kisigino, akakiweka juu ya kigoda. Hiyo ndiyo ngoma niliyoipiga jioni mbili nzima. Nilisimama wima, miguu ikipiga kwata palepale, mikono ikipokezana bila mmoja kuupita mwenzake. Alinikataza kuinua kijiti zaidi ya vidole vinne. Kila nilipopandisha, alikishika kwa mkono wake akakishusha. Kwenye raba ya kandambili huwezi kudanganya, maana haina mwangwi wa kukufichia kosa. Kichapo kilichochelewa unakisikia kimechelewa. Jioni ya pili, wakati giza linaingia, mikono ikaanza kwenda yenyewe nami nikawa nasikiliza tu.

Niliporudi kwenye drams kila kitu kilikaa. Mikono yote miwili juu ya haihati, ikipokezana, na zamu ya snea ikifika mkono unashuka, unagonga, unarudi. Hakuna nguvu yoyote inayohitajika, kinachotakiwa ni usawa. Baadaye nikasoma kwamba Larry Mullen Jr., mpiga drams wa U2, utotoni alipitia bendi za gwaride kule Dublin, mojawapo ya wafanyakazi wa posta. Nilikimbia kumwambia mzee. Akacheka, akasema alishajua.

Ikabaki kikwazo kingine. Mpiga besi alisikia mahali kwamba huu ni wimbo wa waasi, tukiupiga tutawagombanisha wageni. Huo nao ni ushauri mbovu, nikaamua kuusoma wimbo wenyewe. Unahusu Jumapili ya damu: tarehe 30 Januari 1972, mjini Derry, Ayalandi ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, watu waliandamana kupinga serikali kuwafunga watu bila kuwashtaki. Askari wa miavuli wa Uingereza wakawafyatulia risasi. Walikufa 13 siku ile, wa 14 akafariki miezi kadhaa baadaye. Sita kati yao walikuwa na miaka 17. Nina mdogo wangu wa miaka 17, anasoma kidato cha nne, na nilipofika hapo niliiweka simu chini kwanza.

Uchunguzi wa mwanzo, mwaka uleule, uliwasafisha askari. Familia zikadai haki miaka na miaka mpaka uchunguzi mwingine ukaanzishwa 1998, na ripoti yake ikatoka Juni 2010. Ndipo waziri mkuu wa Uingereza, David Cameron, akasimama bungeni kuomba radhi. U2 walikuwa wameshautoa wimbo tangu 1983, katika albamu yao ya War. Mwaka huohuo, jukwaani Red Rocks huko Colorado, Marekani, mwimbaji wao Bono alitamka mbele ya umati kwamba huu si wimbo wa waasi, kisha akauteka umati ule, bendera nyeupe mkononi. Nilimwonyesha mpiga besi video ile. Hakubisha tena.

Kuanzia hapo nilielewa kwa nini mzee alinikataza kupandisha kijiti. Mwimbaji anauliza tutaimba hivi hadi lini, na chini yake buti zinaendelea kutembea, hazipandi hasira wala hazipoi. Mpiga drams akichangamka, buti zimepotea.

Sasa ujanja ninaojivunia. Ukumbi wa hoteli una mazulia na mapazia mazito; snea inalia kama imefunikwa blanketi. Nikakumbuka nimesoma kwamba drams za wimbo huu zilirekodiwa kwenye ngazi za studio ya Windmill Lane, Dublin, ili zipate mwangwi. Hoteli yetu nayo ina ngazi za saruji pembeni ya ukumbi! Mchana wa onyesho nikazihamishia drams zangu chini ya ngazi zile. Meneja alikunja uso akasema nimeziba njia ya wahudumu. Nikamwomba anisikilize sekunde ishirini tu. Nikapiga. Snea ilipanda ghorofa mbili ikarudi. Akawaambia wahudumu wapitie jikoni. Sehemu ya fidla tulimpa mpiga tarumbeta, akaitendea haki.

Usiku ule nilianza peke yangu, vijiti vidole vinne juu ya matoazi. Meza ya wageni ilikuwa na kelele za watu walioshuka mlimani salama, zikakatika. Hakuna aliyecheza. Mama mmoja mtu mzima, mvi zote, alisimama mikono kifuani mpaka mwisho, midomo ikitembea na maneno.

Tulipomaliza alikuja hadi chini ya ngazi. Aliniuliza nani kanifundisha kupiga vile. Nikamwonyesha mzee, niliyemwalika na kumketisha meza ya nyuma karibu na mlango, amevaa koti lake la Jumapili. Mama akaenda kumpa mkono. Mzee alisimama wima kabisa kuupokea.