Bamvua ndani ya ukumbi

Juni 2013 mama alikuja kunitembelea Seattle, Marekani, kutoka Jambiani, Zanzibar. Mimi nilikwisha nunua tikiti ya onesho la muziki, nikaongeza ya pili, huku moyo ukinidunda. Mama ni mtu wa kasida na taarab. Muziki huu haukuwa na mwimbaji wala mahadhi ya kushika: Become Ocean, kazi ya dakika 42 ya mtunzi Mmarekani John Luther Adams, ambayo wiki ile ndiyo kwanza ilikuwa ikipigwa hadharani, katika ukumbi wa Benaroya.

Okestra iligawanywa makundi matatu yaliyokaa mbalimbali: nyuzi, vyombo vya kupuliza vya mbao, na vile vya shaba. Muziki ulianza kwa sauti za chini, zile zinazokufika kifuani kabla ya masikioni. Kisha kila kundi likawa linajaa na kupwa kwa muda wake, bila kungoja jingine.

Nilimtazama mama kwa pembe ya jicho. Mkono wake ulikuwa gotini, juu ya kanga, kiganja kikipanda na kushuka polepole. Kwenye kidole cha shahada kuna kovu la kamba. Amelima mwani zaidi ya miaka 20, na mkulima wa mwani hafuati saa ya ukutani. Hushuka pwani bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likitoa maji mbali, akafunge miche kabla bahari haijarudi.

Akaniinamia. "Haya matatu hayaendi pamoja. Ngoja yakutane."

Yakakutana. Kiti kilitetemeka chini yangu. Sijapata kusikia sauti kubwa kiasi kile isiyo na ghadhabu hata chembe.

"Bamvua hilo," akanong'ona.

Katikati muziki ule hugeuka, ukarudi kwa njia ile ile uliyojia. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo. Mama aliliona mwenyewe. Kiganja chake kilianza kurudi nyuma.

Tulipotoka akauliza, "Huyu bwana ni wa pwani gani?"

"Ameishi Alaska, mama, karibu miaka 40. Barafu ya kule inayeyuka, bahari inapanda. Ndilo lililomsumbua mpaka akatunga hivi."

Akanyamaza hatua kadhaa. "Na kwetu kotoni imekufa kwa maji moto," akasema. Kotoni ndiyo mwani wenye bei nzuri. Nilijua mama ameacha kuulima. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwa sauti ile.

Hakutaka kwenda nyumbani. Alitaka kuona maji. Tukateremka mitaa michache hadi ufukweni, kanga ameitanda juu ya koti langu kwa baridi. Shaabani ilikaribia katikati, mwezi ulikuwa karibu kupevuka. Akainama kwenye kizuizi cha gati, akatazama nguzo kwa muda mrefu, ule ukanda wa unyevu ulioachwa juu ya maji.

"Yameanza kupwa," akasema. "Tukae kidogo, mwanangu."

Tukakaa.